Kona ya Kumi na Tisa

Njia ya Vršič ina kona hamsini,
kila moja na kibao chake cha namba.
Za upande wetu zimesakafiwa kwa mawe,
na mawe yale, mvua ikinyesha, ni sabuni.
Mimi niliangukia ya kumi na tisa.
Wala haikuwa mvua. Ilikuwa changarawe,
kiasi cha kujaza kiganja,
saa nne asubuhi, jua limewaka,
nami nikiwaza bei ya jibini.

Mkono wa kushoto ulivunjika mahali patatu.
Vyuma viwili, skrubu kumi na moja.
Daktari wa Jesenice aliinua picha dirishani
nikaona reli imepita ndani yangu
na treni haipo.
Vidole vililala miezi mitano.
Niliviita mmoja mmoja kama ng'ombe jioni,
hakikuja hata kimoja.

Wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Sawa. Lakini koleo haliogopi.
Koleo haliamki saa tisa usiku
likisikia mkwaruzo wa chuma juu ya jiwe,
kisha kimya,
kisha njuga za kondoo walioendelea kula.

Tadeja wa mazoezi alinipa mpira wa kijani,
laini kama donge la unga.
"Binya." Nikabinya. Mpira ukanicheka.
Wiki ya tisa nikafunga kifungo cha koti.
Wiki ya ishirini nikafungua chupa ya asali,
nikalia, nikala asali yote kwa kijiko.
Binti yangu Neža akasema:
"Sasa unaweza kumenya viazi, mama. Yatosha."
Yatosha.
Neno fupi, lina kufuli.

Pikipiki ilikuwa bandani chini ya blanketi,
na paka alikuwa amezalia juu ya kiti.
Siwezi kuwafukuza, niliwaambia majirani,
hawajafumbua macho.
Wakafumbua. Hawajaachishwa ziwa, nikasema.
Mwezi wa Mei wakahama wenyewe, mama na wanawe wanne,
wakaniacha bila kisingizio.

Basi kila jioni nikapanda, injini imezimwa,
nikavuta klachi gizani:
kumi, kumi na tano, mpaka kidole gumba kiwe cha mtu mwingine.
Fundi Ožbej akalegeza waya, akapaka mafuta,
akasema klachi hii sasa hata mtoto ataivuta.
Mtoto, nikamjibu, hajaanguka.

Jumapili Neža alipokwenda kanisani
nilifungua petroli.
Mtetemo ukapanda kutoka usukani,
ukahesabu skrubu zangu moja baada ya moja,
ukafika kwenye meno.
Kona ya kwanza niliipita kama mwizi.
Ya nne, gia ya pili, mkono ukatii.
Ya saba nilicheka kwa sauti ndani ya helmeti
na kioo kikajaa ukungu wa pumzi yangu.
Ya kumi na mbili vidole vikaanza kufa ganzi,
nikavipiga pajani, nikavisemesha vibaya.
Misonobari ilikuwa imesimama vile vile,
haikunikumbuka.

Ya kumi na nane nikazima.
Kutoka pale niliiona ile nyingine juu yangu,
ndogo kuliko ninavyoiota,
na changarawe bado ipo, imejikusanya ukingoni
kama inasubiri mtu.
Nilikaa nusu saa, glavu mapajani.
Kisha nikageuza.

Jioni nilimenya viazi.
Kisu kilitetemeka, maganda yakatoka manene.
Neža akanusa hewa, akanusa mkono wangu wa koti.
"Umefika ya ngapi?"
"Kumi na nane."
"Kwa nini?"
"Changarawe."
Hakusema zaidi. Alivuta kiti,
akachukua kisu cha pili, akamenya vilivyobaki.

Asubuhi niliamka nikakuta gari lake halipo
na nyuma ya mlango
hakuna ufagio.